Tangu tulale hoteli, mavyaa hataki tena kutoka nasi

Shangazi, asalamu alaikum.

Nina miaka 31, mwaka wa nane huu nimeolewa, na twakaa Tudor, hapa Mombasa. Nakuandikia jambo ambalo naona haya hata kulitaja, lakini limeshaanza kututia fitina nyumbani na sina wa kumwambia. Mamangu mzazi nikimwambia ataona namsengenya mavyaa, na wifi zangu ndio kabisa sithubutu.

Mwezi wa nne, shule zilipofungwa, mume wangu alipata bei ya wenyeji kwenye hoteli moja ya ufuoni, Pwani ya Kaskazini. Siku tatu, na chakula cha asubuhi na cha usiku ndani yake. Akasema tumchukue mama naye akapumzike, maana tangu baba mkwe afariki hatoki Mji wa Kale ila kwenda hospitali au arusini. Nilifurahi, wallahi. Mavyaa wangu si mtu wa maneno. Mwanangu, yeye ndiye aliyemlea nilipokuwa kazini, na sijawahi kwenda kwake nikatoka mikono mitupu.

Ili kupunguza gharama tukachukua chumba kimoja cha familia, kitanda kikubwa kimoja na vidogo viwili. Mimi, mume wangu, mama, na kijana wetu wa miaka tisa. Chumba kilikuwa kizuri, bahari waiona umelala. Nikageuka kutazama choo kiko wapi. Shangazi, choo kilikuwa ndani ya kioo! Ukuta mzima unaotazama vitanda ni kioo, kutoka sakafuni hadi darini. Katikati kimepakwa ukungu kama wa maziwa, juu na chini kiko wazi, na hata pale penye ukungu wajua kama mtu ameketi au amesimama. Mlango ni wa kuteleza, hauna komeo, na ukiusukuma mpaka mwisho wabaki mwanya wa vidole viwili. Kila kinachofanyika mle kinasikika kitandani.

Hakuna aliyesema kitu. Mume wangu alicheka kidogo, akawasha televisheni. Mama alitazama mara moja tu, akatoka kwenye roshani, akaanza kuvuta tasbihi.

Usiku wa kwanza nilishindwa. Saa nane nikavaa buibui juu ya nguo za kulalia, nikashuka ngazi mpaka choo cha karibu na mapokezi. Askari akaniuliza, "Dada, kuna shida chumbani?" Nikamwambia natafuta maji ya kunywa. Nikafanya hivyo kila siku. Haja kubwa sikuipata hadi siku ya tatu, tumbo limevimba kama ngoma. Kuoga nilioga wenzangu wakiwa nje, mbio mbio, nikatoka na sabuni masikioni. Mama akiingia chumbani, mimi natoka. Akikaa, naondoka. Nilitaka tu kwamba akihitaji choo nisiwepo, na mimi nikikihitaji yeye asiwepo.

Yeye mwenyewe sikumwona akitaabika. Alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri, anajitanda leso, anachukua mkoba wake wa ukindu, anashuka. Akirudi husema alikuwa akitazama maji yakipwa. Jioni vivyo hivyo. Mezani naye alikuwa hali. Kipande cha mkate, chai nusu kikombe. Papai, ambalo nyumbani hula kila siku, alilisukuma kando. Nikadhani chakula cha hoteli hakimpendezi.

Siku ya kurudi, tukiwa kwenye foleni ya magari kabla ya daraja la Nyali, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mbona wanikimbia?" Nikasema, "La, mama, sikukimbii." Akanyamaza mpaka tukamfikisha mlangoni kwake.

Sasa mume wangu anataka kuweka nafasi tena ya Disemba. Mama amejibu, "Nendeni nyinyi. Mimi nitabaki na paka wangu." Mume wangu asema ni mimi niliyemvunja moyo mamake, nimemfanya ajione mzigo. Siku mbili hizi tunalala hatusemezani. Nimwambie mama ukweli? Mtu huanzaje kumtajia mavyaa wake habari za choo? Na kama ni chumba kama kile tena, Shangazi, mimi sitaweza.

Mkaza mwana, Tudor

*

Waalaikumu salamu, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye mkoba wa ukindu.

Mtu anayekwenda kutazama maji yakipwa, kiza hakijaondoka, mkoba anaubebea nini? Leso anayo mabegani, tasbihi anayo mkononi. Mimi ni mwanamke wa rika lake, na ingawa sikuwapo, naona kilichokuwa ndani ya mkoba ule kama ninavyoiona kalamu hii: kopo la kustanjia, la maji ya kujisafishia chooni, limeviringwa kwenye kipande cha leso kuukuu ili lisigonge. Akaamka wakati ambao mapokezi hakuna watu, akaenda choo kile kile ulichokwenda wewe. Na papai. Mama wa Kiswahili anayekula papai kila siku ya Mungu anajua vizuri papai linafanya kazi gani tumboni, na akilisukuma kando, huwa ana sababu.

Kwa hivyo mlikuwa wawili mnaoshuka ngazi zile. Wewe saa nane, yeye saa kumi na moja, kila mmoja akimsitiri mwenziwe na kujificha kwake. Mlipishana kwa saa tatu tu. Laiti mngekutana pale chini, wewe na buibui lako, yeye na mkoba wake, nadhani mngecheka mpaka askari akaja.

Sasa fikiria alichokiona yeye. Anaingia chumbani, mkaza mwana anatoka. Anakaa, mkaza mwana anainuka. Hajui kwamba wewe pia una shida na kile kioo, maana wewe ni kijana, umezoea hoteli, umezoea mambo ya kisasa. Mtu mzima akiona anakimbiwa huanza kujikagua mwenyewe. Je, nimenuka? Je, nilikoroma? Je, walinisikia nilipoingia mle? Hilo la mwisho ndilo ninaloliogopa. Lile swali lake pale kabla ya daraja halikuwa lawama, mwanangu. Alikuwa anaomba umwambie kwamba hakufanya jambo la aibu mbele yenu. Nawe ulimjibu "la, mama", ukanyamaza, na yeye akalichukua swali lake akaenda nalo nyumbani.

Ndiyo, mwambie ukweli. Nitafika hapo. Kwanza nataka ukae ukijua kwamba hukufanya utoto.

Kuna watu watakwambia, "Nyote ni familia, haya ya nini?" Mtu wa namna hiyo hajakaa akatafakari familia ni nini. Katika Sura An-Nur, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametaja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumba hiyo hiyo na watumishi wake waombe ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya swala ya alfajiri, mchana mtu anapovua nguo zake kwa ajili ya joto, na baada ya swala ya isha. Aya inazungumzia watu wa ndani kwa ndani, wanaokula sinia moja. Sitara iliwekwa kwa sababu yao, maana mgeni tayari umemfungia mlango.

Na wazee wetu walijenga hivyo. Ukienda magofu ya Gede, kule karibu na Watamu, mji uliohamwa miaka 400 hivi iliyopita, utakuta nyumba za mawe zilizokuwa na vyoo vyake ndani, vimetengwa kwa kuta na pa kujisafishia na maji pakiwa hapo hapo. Nyumba za mawe za Mji wa Kale, anakokaa mavyaa wako, zina ukuta wa matumbawe na chokaa ambao ukiupiga teke unaumia wewe. Mimi nimekulia ndani ya mojawapo. Choo kilikuwa nyuma kabisa, giza na baridi, birika la maji kwenye pembe na kata ya kifuu ikielea juu yake. Ukikaribia ulikohoa. Aliyekuwa ndani hakujibu kwa maneno, kwa kuwa chooni hakusemwi, naye alikohoa. Basi wewe unageuka, unakwenda zako, na hakuna aliyemwona mwenziwe wala aliyemtajia mwenziwe kitu. Mtu aliyekaa na adabu hiyo miaka 60 au 70, leo umwambie aketi nyuma ya kioo, mwanawe wa kiume amelala hatua nne mbele yake! Si kuoga wala haja, hata kunawa uso hawezi.

Hebu nikueleze kwa nini wanajenga vile, maana nilipojua hasira zangu zilipungua kidogo, ingawa hazikwisha. Vyumba vya hoteli hupangwa kwa safu, na choo huwekwa upande wa ukumbini, penye mlango wa kuingilia, ili mabomba ya vyumba viwili yashuke pamoja ukutani. Kwa hiyo choo hakina dirisha. Mchoraji akitaka mwanga wa bahari ufike huko nyuma anavunja ukuta na kuweka kioo, na chumba kidogo kinaonekana kikubwa kwenye picha. Mlango wa kuteleza nao ni kwa sababu mlango wa bawaba unakula nafasi unapofunguka. Hata ule uwazi chini ya milango ya vyoo vya hoteli huachwa makusudi, ili feni ya kuvuta hewa ipate pa kuvutia. Yote haya yana hesabu yake. Lakini aliyepiga hesabu alimfikiria mume na mke walio fungate, hakumfikiria nyanya wa Mji wa Kale na mjukuu wake. Na hoteli za Pwani, mwezi wa nne, wa nane na Disemba, zinajazwa na nani kama si familia zetu? Kuita chumba "cha familia" kisha kukitilia choo cha kioo ni kutojua familia, na ningependa wenye hoteli walisikie hilo kutoka kwa wateja wao na pesa zao mkononi.

Jambo jingine hatulitilii maanani, nalo ni afya. Wewe siku tatu hukupata choo, ukaona ni bahati mbaya. Mwili una saa yake. Utumbo mpana huamka mtu anapoamka, na ukitia kitu tumboni asubuhi unasukuma. Ukiuambia "si sasa", unatii, lakini kinachobaki ndani kinaendelea kunyonywa maji, kinakauka, na kesho yake kinakuwa kigumu zaidi. Ule msuli wa kufunga haja haufunguki kwa amri peke yake. Hulegea mtu akitulia, na mwenye wasiwasi hatulii. Kuna watu wana shida hii hata nyumbani kwao, hata mlango ukiwa wa mninga, madamu wanajua kuna mtu nje. Madaktari wanaijua na si jambo la kuchekwa.

Kwa mama ni zaidi. Mtu wa umri wake huamka usiku kukojoa, mara mbili, mara tatu. Kama anakunywa dawa za presha, baadhi ya dawa hizo kazi yake ni kutoa maji mwilini, na mwenye kuzinywa hawezi kungoja mpaka watu walale. Basi anafanya nini? Anaacha kunywa. Nusu kikombe cha chai kutwa nzima, katika joto hili la Mombasa! Mzee akikosa maji hupata kizunguzungu, mkojo ukikaa ndani vijidudu hupata nafasi, na maradhi ya njia ya mkojo kwa wazee wakati mwingine huanza kwa kuchanganyikiwa kabla hata hawajasema wanaumwa. Na kushuka ngazi gizani na mkoba, kila alfajiri… Alhamdulillahi hakuanguka.

Sasa namna ya kumwambia.

Usimpigie simu, usimtume mwanawe, wala usimwite faragha kwa "mama, nina jambo", utamtia hofu. Nenda kwake siku ya kawaida, mkute na kazi ya mikono. Kama anachagua mchele, kaa chini ushike ungo mwingine. Kama anaambua mbaazi, ambua naye. Kazi ya namna hiyo inayashusha macho, na maneno ya haya husemeka vizuri macho yakiwa kwenye ungo. Kisha anza na aibu yako, usianze na yake. Usimwulize hata kidogo kama na yeye alishuka. Sema hivi, kwa maneno yako: "Mama, ile safari uliniuliza kama nakukimbia. Nilikuwa nakimbia kile choo cha kioo. Usiku nilikuwa navaa buibui nashuka mpaka kwa askari. Niliona haya kukwambia, na nimekosa, maana nilikufanya ufikiri ni wewe." Halafu nyamaza. Endelea kuchagua mchele. Usiharakishe kujaza ule ukimya kwa maelezo.

Huenda akacheka, au akasema "mwanangu, hata mimi". Huenda pia akasema tu "haya", akaondoka kutia sufuria jikoni. Hilo nalo ni jibu. Umeshamrudishia lile swali lake likiwa na jawabu, na hilo ndilo alilokuwa akilitaka tangu mwezi wa nne. Habari ya mkoba niliyokwambia, ibaki baina yangu na wewe mpaka aitaje mwenyewe. Asipoitaja, hukuijua.

Na mume wako. Usimlaumu sana. Wanaume wengi chumba wanakitazama kwa bei na bahari. Lakini kosa la kukaa kimya si lako peke yako. Yeye ndiye alicheka akawasha televisheni, wakati mamake amesimama mbele ya kile kioo. Palepale ndipo pa kushuka mapokezi akasema, "Nina mama yangu hapa, nipeni chumba kingine." Mpe asome maneno haya, na ampigie mamake simu mwenyewe amwambie neno moja tu: safari hii nimetafuta chumba chenye mlango. Mama atayaelewa yaliyobaki.

Ya Disemba basi, maana Disemba hoteli hujaa na ukichelewa unachukua kilichobaki.

Mapenzi yangu ni vyumba viwili. Nafahamu ni pesa. Lakini siku mbili za vyumba viwili, kila mtu akila papai lake, ni bora kuliko siku tatu za chumba kimoja mkirudi na matumbo yamevimba. Uliza kama wana vyumba viwili vya kawaida vyenye mlango wa kati. Mama alale na mjukuu wake upande mmoja, nyinyi upande wa pili, na mlango wa kati usiku mnaufunga. Mtoto wa miaka tisa na nyanya yake hawana shida, mradi choo kiwe na mlango.

Kabla ya kulipa, piga simu mapokezi, usitegemee picha za tangazo. Picha za tangazo hupigwa kutoka mlangoni kuelekea bahari, choo kiko nyuma ya mpiga picha. Uliza waziwazi, bila haya, maana anayekujibu hakujui: ukuta wa choo ni wa mawe au kioo? Kama ni kioo, kuna pazia, na liko upande gani? Mlango ni wa bawaba au wa kuteleza? Una komeo? Choo na bafu vimetengana, au mmoja akioga mwingine hawezi kwenda haja? Akijibu kwa kuzunguka, mwambie akutumie kwa WhatsApp picha iliyopigwa na mtu aliyesimama penye kitanda. Hoteli nyingi za zamani za ufuoni zina majengo yaliyojengwa kabla ya mtindo huu wa vioo, milango yake mizito ya mbao. Vyumba hivyo huitwa vya kizamani na mara nyingine bei yake huwa chini. Chukueni hivyo.

Mkifika, mtu mmoja apande akatazame kabla mizigo haijapandishwa. Kubadilishiwa chumba mabegi yakiwa bado chini ni jambo la dakika kumi. Yakishafunguliwa, kila mtu anaona haya kusumbua.

Na ikitokea, pamoja na yote, mkajikuta mbele ya kioo? Leso. Chukua pea mbili pamoja na vibanio vya nguo vya kutosha. Kipande kimoja cha leso kina urefu wa kama mita moja na nusu, na vipande vinne vikishikizwa kwenye fito ya pazia au juu ya fremu ya kioo vinafunika sehemu kubwa ya ukuta kama ule. Zile nzito za pamba ndizo bora, kwa kuwa laini hupitisha mwanga. Usiku taa ya choo cha kioo huangaza chumba kizima na kumchora aliye ndani kama kivuli kwenye shuka, kwa hiyo jaribuni mapema: mmoja aingie na taa, mwingine alale kitandani atazame. Kama hakuna pa kubania, omba shuka mbili na watu wa usafi waje wafunge. Watakuja. Hamtakuwa wa kwanza kuwaomba.

Sauti ni shida ya pili, na leso haiizuii. Washa feni ya choo, fungulia maji kidogo ndani ya ndoo, televisheni nayo iseme chumbani. Harufu, usifukize udi wala ubani. Najua mkono utakwenda huko, lakini vyumba vya hoteli vina king'ora cha moshi darini na mtatolewa nje wote. Kikuba cha asumini kilichotundikwa kwenye kitasa kinatosha na kinapendeza.

Kuliko vyote, pangeni zamu bila kuziita zamu. Saa moja asubuhi mume na kijana washuke kwenye chai, wasirudi mpaka saa mbili. Nusu saa ya kwanza yako. Kisha nawe shuka, umwambie mama, "Tutakuwa chini, njoo ukiwa tayari," na usirudi kuchukua simu uliyoisahau. Na uchukue kadi mbili za mlango pale mapokezi. Hoteli nyingi umeme wa chumba unafanya kazi kadi ikiwa imechomekwa ukutani. Ukitoka nayo, aliye chooni anabaki gizani, feni imezimika. Huyo akiwa mavyaa wako, utarudi kuniandikia barua nyingine.

Kama baada ya yote haya atasema bado hataki kulala nje ya nyumba yake, mwachie. Watu wengine kitanda chao ndicho kitanda. Hoteli nyingi za upande huo hupokea wageni wa mchana kwa ada, mtu akala chakula na kukaa bustanini. Mume wako amfuate asubuhi kwa tuktuk au gari, avuke naye daraja, ashinde na mjukuu wake ufuoni, na kabla ya magharibi awe nyumbani kwake na paka wake. Hilo liwe chaguo lake mwenyewe, akijua kwamba mnamtaka.

Akikubali kwenda, basi ukiwa unafunga mizigo nunua makopo mawili ya plastiki, rangi mbalimbali. Mkifika yaweke yote mawili chooni, waziwazi, kabla hajaufungua mkoba wake. Umwambie, "La kijani ni langu, mama, la buluu ni lako."

Shangazi